Mbuni amekufa, mbuni umekufa: Kahawa ya Thika na Ruiru yatufunza nini kuhusu uhai?

Mwalimu akiandika ubaoni sentensi mbili, "Mbuni amekufa" na "Mbuni umekufa", mwanafunzi makini atazitofautisha papo hapo. Ya kwanza inamhusu yule ndege mkubwa asiyeruka, mwenye shingo ndefu na mbio za ajabu. Ya pili inauhusu mti wa kahawa. Neno ni moja na herufi ni zile zile, ila kiambishi cha ngeli ndicho kinachotenga ndege na mti. Isitoshe, mbuni ni mtu anayebuni jambo, na katika viwanda vya kahawa vya Kiambu na Murang'a, mbuni ni kahawa iliyoanikwa ikakauka na ganda lake. Maana nne katika vazi moja!

Sasa hebu tuulize swali ambalo wanafunzi wengi huliogopa. Wengi wetu tulifunzwa kwamba A-WA ni ngeli ya viumbe hai. Ndege ana uhai, basi anachukua A-. Sawa. Je, mti wa kahawa? Kwani huo hauna uhai? Mbona tumeutupa katika ngeli ya U-I, ukae pamoja na mkate, mkoba na msumari?

Kuna walimu wanaojibu haraka kwamba mimea haihesabiwi. Lakini haihesabiwi na nani? Mwalimu wa sayansi katika darasa la pili anaihesabu. Mtoto huyo huyo anatoka kwa mwalimu mmoja akiwa ameambiwa mti ni kiumbe hai, anaingia kwa mwingine anaambiwa viumbe hai ni watu, wanyama na wadudu. Amwamini nani?

Jibu la swali hili limo katika historia ya kahawa ya Thika na Ruiru. Katika miji hii miwili na mashamba yaliyoizunguka, watu wamelazimika kwa zaidi ya karne moja kujua, tena kwa hasara, maana ya kusema kwamba mti uko hai.

Sifa saba

Sayansi ya shuleni hutaja sifa saba za kiumbe hai: hujilisha, hupumua, hutoa takamwili, hukua, huzaana, huhisi mabadiliko na husonga. Sifa moja pekee haitoshi. Moto hula kuni, hukua na husambaa, lakini si kiumbe hai. Matatu ya kutoka Thika kwenda Nairobi husonga, hutumia mafuta na kutoa moshi, lakini haijawahi kuzaa matatu nyingine. Uhai ni pale sifa zote zinapokutana katika mwili mmoja.

Tuupime mbuni. Hujilisha kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa kutengeneza sukari, kazi ambayo wataalamu wameiita usanisinuru. Hupumua usiku na mchana, majani kwa mizizi, na ndiyo maana hupenda ule udongo mwekundu wenye kina wa Ruiru usiotuamisha maji; mizizi ikizama majini hukosa hewa ikaoza. Taka zake nyingine hutoka kama hewa kupitia vitundu vya majani, nyingine huanguka na majani makuukuu. Hukua. Huzaa matunda yenye mbegu. Husonga pia, ingawa polepole: mizizi huelekea kwenye unyevu na matawi huelekea kwenye mwanga.

Lakini sifa inayopendeza zaidi ni kuhisi. Wakati wa kiangazi, vichipukizi vya maua ya kahawa hulala kimya juu ya matawi. Mvua ya kwanza inyeshe vizuri, na baada ya siku kumi hivi, shamba zima hufunguka maua meupe kwa pamoja, yenye harufu kama ya asumini. Siku chache tu, yameanguka. Hakuna aliyepiga kengele. Mti wenyewe umehisi kwamba kiu imekwisha.

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliliona tatizo letu zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alisema nafsi ina daraja: mimea ina nguvu ya kujilisha, kukua na kuzaana, wanyama wanaongezewa kuhisi na kusonga, binadamu anaongezewa akili. Kwake yeye mmea ulikuwa hai, ila ulikaa daraja ya chini. Ukiitazama sarufi ya Kiswahili, utadhani imepita njia hiyo hiyo: mtu, ng'ombe na siafu wako katika A-WA, mti uko kando.

Mali au kiumbe?

Mbuni haukuota Thika kwa hiari yake. Asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia. Mswidi Carl Linnaeus alipoupa jina la kisayansi mwaka wa 1753, aliuita Coffea arabica, kana kwamba ni mti wa Uarabuni, kwa kuwa Wazungu waliifahamu kahawa kupitia bandari za Yemen. Kiswahili nacho kilipata neno "buni" kwa njia hiyo hiyo ya Waarabu. Jina likapotosha asili, na hilo halitakuwa kosa la mwisho la jina katika kisa hiki.

Katika miaka ya 1890 wamishonari waliipanda kahawa Bura, huko Taita, kisha karibu na Nairobi. Kufikia mwaka wa 1913, reli ilipofika Thika, walowezi walikuwa wanagawiwa ardhi waliyonyang'anywa Wagĩkũyũ na majirani zao. Elspeth Huxley, ambaye wazazi wake walikwenda kuanzisha shamba la kahawa Thika miaka hiyo, aliisimulia enzi hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1959 kinachotaja miti ya Thika kwenye jina lake.

Kwa mlowezi, mbuni ulikuwa mali. Ulihesabiwa kwa ekari na kwa tani, na mikono iliyouchuma ilihesabiwa kwa debe. Mwaka wa 1922 Harry Thuku alikamatwa baada ya kupinga, pamoja na mengine, wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mwafrika aliruhusiwa kuichuma kahawa, lakini kuipanda katika shamba lake, hapana. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa kwamba eti Waafrika wangesambaza magonjwa ya mimea. Majaribio madogo yaliruhusiwa Kisii na Meru katika miaka ya 1930. Katika maeneo ya Wagĩkũyũ, mlango haukufunguka sawasawa hadi miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954.

Kinaya ni kwamba magonjwa hayakuomba ruhusa. Hayakuangalia rangi ya mwenye shamba. Yalikuja kwa walowezi kwanza, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na chakula.

Mdudu mwenye jina lisilo lake

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mdudu mdogo mweupe alianza kuonekana kwenye mibuni ya Thika. Mwili wake umefunikwa kitu kama unga, naye hukaa kwa makundi kwenye vikonyo vya matunda akifyonza utomvu. Kwa Kiswahili huitwa kidung'ata. Siafu wadogo na sisimizi humlinda kama mchungaji anavyolinda mbuzi, kwa sababu kinyesi chake ni kitamu kama asali. Hapo tayari umeona sifa mbili za uhai zikifanya kazi: taka ya mmoja ni lishe ya mwingine.

Walowezi walijaribu kila mbinu. Walipaka mashina ya mibuni vitu vinavyonata ili sisimizi wasipande. Ilisaidia kidogo, lakini kazi ilikuwa kubwa na gharama haikwisha. Wataalamu wakasema: kila mdudu ana adui yake wa asili, tumtafute adui wa huyu. Wazo lilikuwa zuri. Shida ikawa jina.

Walimdhania kidung'ata huyu kuwa ni wa aina iliyokwisha kujulikana kwingineko, na kwa miaka mingi wakatafuta maadui wake nchi za mbali, hadi Asia. Waliletwa wadudu, wakaachiliwa mashambani, lakini wapi! Hawakufaulu. Waliletwa kumwinda mtu ambaye hakuwa yeye.

Ndipo mtaalamu wa wadudu, R. H. Le Pelley, akamwangalia upya kwa makini na kumtangaza mwaka wa 1935 kuwa aina tofauti kabisa, akampa jina la kenyae. Ikabainika kwamba kwao ni jirani tu, Uganda, ambako alikuwa akiishi bila kuleta maafa kwa sababu maadui zake walikuwepo. Mwaka wa 1938 nyigu wadogo sana waliletwa kutoka Uganda. Jike la nyigu hao hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Mtoto akianguliwa humla kutoka ndani. Baada ya miaka kadhaa kidung'ata alirudi kuwa mdudu wa kawaida tu.

Tazama majina yalivyotuchezea. Arabica si wa Uarabuni. Kenyae si wa Kenya kwa asili. Wale wanaosema lugha ni maneno matupu na kazi halisi ni ya sayansi, na wafikirie miaka iliyopotea mashambani Thika kwa sababu ya jina moja lililokosewa. Kutaja sawasawa ni nusu ya kutibu.

Ruiru na kitendawili cha kuzaana

Mwaka wa 1944 serikali ya kikoloni ilinunua shamba la Jacaranda huko Ruiru ili liwe kituo cha utafiti wa kahawa. Baada ya uhuru, mnamo 1964, kazi hiyo ilikabidhiwa wakfu wa utafiti wa kahawa, na leo taasisi hiyo imo chini ya shirika la kitaifa la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO.

Adui mkubwa aliyewashughulisha watafiti wa Ruiru hakuwa mdudu, bali kuvu. Ugonjwa wa chulebuni uligunduliwa Kenya mwaka wa 1922, upande wa magharibi mwa Bonde la Ufa, kisha ukaenea mashariki. Hushambulia tunda likiwa bado bichi. Doa jeusi huingia ndani, tunda likanyauka au kuanguka. Mwaka wa mvua nyingi, mkulima asiyenyunyiza dawa anaweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno yake, pengine karibu yote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa huu ulitikisa sekta nzima.

Kuvu hii nayo iko hai. Hula, na chakula chake ni tunda letu. Huzaana kwa vijimbegu visivyohesabika vinavyorushwa na matone ya mvua kutoka tunda hadi tunda. Huhisi unyevu. Ndiyo maana dawa za shaba zilizonyunyizwa hazikuwa na mwisho: mvua ikinyesha, dawa huoshwa na kuvu huamka. Ukipambana na jiwe, ukilivunja limevunjika. Ukipambana na kiumbe hai, unapambana na watoto wake na wajukuu wake.

Watafiti wakaamua kutumia silaha hiyo hiyo ya kuzaana. Mapema miaka ya 1970 walianza kuzalisha mibuni kwa kuchanganya aina. Upande mmoja walikuwa na kahawa za zamani zenye ladha, kama ile ya SL28 iliyoteuliwa katika maabara za Scott huko Kabete miaka ya 1930 kutoka kwa mibuni ya Tanganyika inayostahimili ukame. Upande wa pili walikuwa na aina zenye ukinzani, zikiwemo za asili ya Sudan na kisiwa cha Timor. Mwaka wa 1985 wakatoa Ruiru 11: mti mfupi unaoweza kupandwa kwa msongamano, unaoanza kuzaa mapema, na unaohimili chulebuni na kutu ya majani.

Lakini mti huu una kitendawili. Ua la kahawa ya arabica kwa kawaida hujichavusha lenyewe. Ruiru 11 ni chotara, na ukipanda tu mbegu iliyodondoka chini yake, mtoto hatafanana na mzazi. Kwa hiyo mbegu yake hutengenezwa kwa mkono: mfanyakazi hulifungua ua kabla halijakomaa, huondoa sehemu za kiume, kisha hupaka chavua ya baba aliyeteuliwa. Ua kwa ua. Haishangazi kwamba kwa miaka mingi wakulima waliililia miche isiyotosha. Mwaka wa 2010 ikatolewa Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu zaidi cha Mlima Kenya. Hii ni ndefu, na mbegu zake hazihitaji shughuli hiyo yote.

Kiambishi kinanyamaza, kitenzi kinasema

Turudi kwenye sarufi sasa. Je, Kiswahili hakikujua kwamba mbuni uko hai?

Msikilize mkulima, usimsikilize mwandishi wa jedwali la ngeli. Atakuambia mche "umeshika", maana yake umekubali udongo. Atasema kahawa mwaka huu "imekataa". Mti "unakunywa" maji. Ukizidisha matunda mwaka huu, mwaka ujao "utapumzika". Na unapozaa, tunasema kwamba "umezaa", kitenzi kile kile tunachomtumia mama. Hatuna kitenzi kingine cha mti. Gari haliwezi kuzaa wala jiwe haliwezi kukataa, isipokuwa kwa utani. Mti unafanya yote hayo bila utani wowote.

Kwa hivyo Kiswahili kiliutambua uhai wa mti zamani, lakini hakikuuweka kwenye kiambishi. Kiliuweka kwenye vitenzi. Ngeli ya A-WA inashughulikia jambo jingine: watu, wanyama, wadudu, ndege, na hata malaika na mashetani ambao hakuna aliyewapima kama wanapumua. Wafu pia wamo: tunasema wafu wamezikwa, wala hatusemi imezikwa, ingawa sifa zote saba zimewatoka. Ngeli ambayo ndani yake kuna wafu na malaika haiwezi kuitwa ngeli ya viumbe hai pekee. Ni afadhali tuseme ni ngeli ya wale tunaowahesabu kuwa ni watendaji: wanaokwenda wenyewe, au tunaowakumbuka wakienda.

Na pale ambapo uhai wenyewe una utata, lugha nayo inayumba. Wengine husema "bakteria hawa", wengine "bakteria hizi". Utasikia "virusi hivi" na "virusi hawa" katika taarifa moja ya habari. Si uzembe tu. Hata wanabiolojia wanabishana kuhusu virusi, kwa maana havijilishi wala havizaani mpaka viingie ndani ya kiumbe kingine. Mzungumzaji anasitasita pale pale mwanasayansi anapositasita.

Ploti haizai

Suala hili si la darasani tu. Msimu wa 1987/88 Kenya ilitoa takriban tani 130,000 za kahawa. Mwaka wa 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana masoko ukaporomoka, na bei nao. Mkulima alipeleka matunda kiwandani, malipo yakachelewa, makato yakawa mengi. Sheria ilimkataza kung'oa mibuni bila ruhusa, basi wengine wakapanda mahindi katikati ya mistari na kuuacha mti ujifie. Siku hizi mavuno ya nchi ni chini ya nusu ya yale ya wakati ule.

Ukipita leo katika barabara kuu ya Thika, utaona kilichofuata. Upande wa Ruiru, mji mpya wa Tatu City unajengwa juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya kahawa. Kwingineko kuna mabango ya ploti za hamsini kwa mia. Sitamlaumu anayeuza. Mtu hali historia, na karo ya mtoto haingoji bei ya kahawa ipande. Nyumba nazo zinahitajika.

Lakini tujue tunachokibadilisha. Ploti haikui. Haizai ploti nyingine. Haihisi mvua. Mbuni uliokatwa shina, kwa upande wake, haujafa: kisiki kikitunzwa huchipua, na wataalamu wa Ruiru wamekuwa wakiwafunza wakulima kupandikiza Ruiru 11 au Batian juu ya kisiki cha SL28 chenye mizizi iliyokwenda chini miaka hamsini. Mti wa zamani unapata kichwa kipya. Hilo huwezi kulifanya na msumari, japo wote wawili wako katika U-I.

Basi mwalimu, mwanafunzi akikuuliza mbona mti hauko katika A-WA ilhali uko hai, usimwambie mimea haihesabiwi. Mwambie swali lake ni zuri. Mwambie ngeli hupanga majina, na uhai huonekana katika vitendo. Kisha mpe sentensi hii aichambue: "Mbuni ulikatwa, ukachipua, ukazaa." Sarufi yake ni sahihi, na biolojia yake pia.